Kilomita 8,700 kwenda Guangzhou, na namna ya kuzihesabu saa zake

Baada ya bei, swali ninaloulizwa zaidi katika kazi yangu ya kukata tiketi za ndege hapa Kariakoo ni hili: Guangzhou, kule China, ni mbali kiasi gani, na ndege inachukua saa ngapi kufika? Wanaouliza ni wafanyabiashara wa nguo, viatu, taa, mapazia na vipuri vya pikipiki, na wengi wao huja wakiwa wamekwisha kutazama kwenye simu, ambako tovuti moja imewaambia saa tisa na dakika arobaini, nyingine imewaambia karibu saa kumi na moja, na jirani yao wa duka amewaonyesha tiketi yake iliyoandikwa saa kumi na tisa. Hakuna jibu la uongo hapo. Kila moja limepima kitu chake, na ndiyo maana nimeona niliandike jambo hili kwa kirefu, ili anayekwenda kwa mara ya kwanza ajue anapima nini kabla hajalipa.

Umbali wenyewe ndio sehemu rahisi. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Baiyun wa Guangzhou ni takribani kilomita 8,710, ukipima kwa njia fupi kuliko zote inayoweza kupita juu ya uso wa dunia. Marubani hupima kwa maili za baharini, ambazo kila moja ni mita 1,852, na kwa kipimo chao safari hiyo ni maili zipatazo 4,700. Hakuna mtu aliyeivuta kamba kutoka Kipawa, ulipo uwanja wetu, hadi China. Namba hiyo hukokotolewa kutokana na mahali kila uwanja ulipo. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini ya ikweta na digrii 39 mashariki, na Guangzhou iko digrii 23 kaskazini na digrii 113 mashariki. Ungeweza kusimama kwenye kitovu cha dunia ukaitazama miji hiyo miwili, pembe iliyopo baina yao ingekuwa digrii 78.3, na kila digrii moja juu ya uso wa dunia ni kilomita 111.2, kwa hiyo kilichobaki ni kuzidisha tu. Kwa kuwa dunia si tufe kamili, bali imebonyea kidogo kwenye ncha zake, tovuti mbili zinaweza kupishana kwa kilomita kumi au ishirini kulingana na umbo la dunia zilizolitumia, na tofauti hiyo haimhusu mtu yeyote anayekwenda kununua mzigo.

Wateja wenye udadisi huniuliza kwa nini mistari ya safari kwenye ramani za mashirika ya ndege imepinda kama upinde, ilhali njia fupi inapaswa kuwa imenyooka. Imenyooka kweli, ila imenyooka juu ya tufe, na ramani ya ukutani ni tufe lililolazimishwa kulala juu ya karatasi. Ukichukua uzi ukaukaza juu ya tufe la darasani kutoka mji mmoja hadi mwingine, utaona unapita mahali ambapo ramani ya ukutani isingekuonyesha. Jambo ambalo watu hawalitarajii ni kwamba kwenye njia yetu ya Guangzhou kupinda huko karibu hakuna maana: ukikokotoa njia ya kwenda kwa mwelekeo mmoja wa dira bila kugeuza, unapata kilomita 8,730 hivi, yaani unapoteza kilomita kama ishirini tu, kwa sababu sehemu kubwa ya safari iko karibu na ikweta. Hesabu hubadilika kabisa ukielekea mbali na ikweta. Kutoka Dar es Salaam hadi Los Angeles, njia fupi ni takribani kilomita 16,200 na huanza kwa kuelekea kaskazini-magharibi, wakati njia ya dira moja ingekugharimu kilomita 1,000 zaidi. Na kwa kuwa safari ndefu kuliko zote kwenye ratiba za ndege za abiria leo, ile ya Singapore hadi New York, ni kilomita zipatazo 15,300, anayeniulizia ndege ya moja kwa moja ya Los Angeles huwa namjibu kwa ufupi sana.

Turudi kwenye mstari wetu, maana kuufuata kwa macho ni jambo linalonipendeza binafsi, na katika safari ndefu ya usiku skrini ya ramani iliyo mbele ya kiti hunivutia kuliko filamu. Ukiuchora juu ya tufe, mstari huo unatoka Dar es Salaam na kupita baharini kusini kidogo ya Unguja, unavuka ikweta katikati ya Bahari ya Hindi, mashariki ya Somalia, kisha unapanda taratibu hadi pwani ya Kerala, kusini-magharibi ya India. Hapo, kabla hujaigusa nchi kavu ya India, ndipo ulipo katikati ya safari kamili. Wazee wetu wa pwani waliijua nusu hii ya kwanza vizuri kuliko sisi, kwa sababu majahazi yalikwenda bara Hindi kwa upepo wa kusi na kurudi kwa kaskazi, na aliyeukosa upepo alisubiri miezi. Baada ya Kerala mstari unaikata India ya kusini na kutokea baharini jirani kabisa na Chennai, unavuka Ghuba ya Bengali, unapita Myanmar, kaskazini ya Thailand, Laos, na kaskazini ya Vietnam juu kidogo ya Hanoi, ndipo unaingia China. Ndege halisi haiufuati mstari huo kama treni inavyofuata reli. Kuna njia za angani zilizopangwa, kuna waongozaji wa ndege wa kila nchi wenye maelekezo yao, kuna mawingu ya radi ya Ghuba ya Bengali ambayo rubani mwenye busara huyazunguka, na kuna mzunguko wa kujipanga kabla ya kutua kwenye uwanja wenye msongamano. Kwa hiyo kilomita zinazosafiriwa kweli huzidi zile za kwenye hesabu, na hazilingani siku mbili mfululizo.

Sasa saa. Ndege ya Boeing 787-8, ambayo Air Tanzania ilipokea ya kwanza Julai 2018, husafiri angani kwa mwendo wa karibu kilomita 900 kwa saa ikiwa imefika kimo chake, na uwezo wake wa kwenda bila kutua ni takribani kilomita 13,500, kwa hiyo Guangzhou imo ndani ya uwezo huo kwa nafasi kubwa. Gawanya 8,710 kwa 900, utapata saa tisa na dakika arobaini. Hilo ndilo jibu la tovuti ya kwanza, na kasoro yake ni kwamba limeifanya ndege iwe na mwendo wa kilomita 900 tangu inapoacha ardhi ya Kipawa hadi inapogusa ardhi ya Baiyun, jambo ambalo haliwezekani, kwa kuwa kupanda na kushuka hufanywa kwa mwendo mdogo zaidi. Tovuti nyingine hujihami kwa kutumia mwendo wa wastani wa kilomita 800 kwa safari nzima, na hapo hesabu inatoa saa kumi na dakika hamsini na tatu. Mwenye uzoefu hufanya hivi: hugawa kwa 900, kisha huongeza nusu saa ya kupanda na kushuka, akapata saa kumi na dakika kumi, na mara nyingi huwa hakosei sana.

Kinachomkosesha ni upepo. Mwendo wa kilomita 900 ni mwendo wa ndege ndani ya hewa, si juu ya ardhi. Hewa yenyewe ikiwa inakwenda upande uleule kwa kilomita 100 kwa saa, ndege inapita juu ya ardhi kwa kilomita 1,000. Ikiwa inakuja usoni, kilomita 800 ndizo zinazobaki. Kwenye safari ya saa kumi, upepo wa namna hiyo ukidumu njia nzima, tofauti kati ya mmoja na mwingine ni zaidi ya saa mbili. Bahati nzuri ni kwamba haudumu njia nzima, hasa kwetu, kwa sababu karibu na ikweta upepo wa juu kwa kawaida si mkali kama ule wa nchi za kaskazini.

Watu wengi wamekariri kwamba kwenda mashariki ni haraka na kurudi magharibi ni polepole. Kanuni hiyo imetokana na safari za Ulaya na Marekani, ambako mikondo mikali ya upepo wa juu huvuma kutoka magharibi mwaka mzima, na inatufaa sisi kwa kiasi tu. Katika miezi ya baridi ya China, kuanzia Desemba hadi Machi, mkondo kama huo hupita kusini ya milima ya Himalaya na juu ya China ya kusini, na ndege inayorudi Dar es Salaam hukutana nao usoni katika sehemu ya kwanza ya safari. Lakini kuanzia Juni hadi Septemba, wakati India imo katika mvua zake kubwa za monsuni, juu ya India ya kusini hutokea mkondo mwingine unaovuma kinyume, kutoka mashariki kwenda magharibi, na kiini chake kiko juu zaidi ya kimo cha kawaida cha ndege ingawa athari yake hushuka hadi huko. Mstari wetu unapita humo humo. Ndiyo maana msafiri wa Julai anaweza kuona skrini yake inaonyesha mwendo mdogo anapokwenda kuliko anaporudi, na asidhani ndege ina hitilafu. Yeyote anayetoa namba moja ya saa za Guangzhou kwa mwaka mzima, bila kutaja mwezi wala upande wa safari, ametoa wastani, na anapaswa kusema hivyo.

Kuna tofauti nyingine ndogo ambayo huwatatiza wanaolinganisha ratiba na hesabu zao. Muda ulioandikwa kwenye tiketi hauanzi ndege inapopaa. Huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho yake na huisha inapoegeshwa kule inakokwenda, kwa hiyo ndani yake mna kutembea ardhini kuelekea njia ya kurukia, kusubiri zamu, na kutembea tena baada ya kutua. Mashirika pia huongeza dakika za akiba ili yasihesabiwe kuwa yamechelewa. Rubani akitangaza kwamba mtatua dakika ishirini kabla ya wakati, ujue kwamba kwa sehemu dakika hizo zilikuwa zimewekwa kando tangu ratiba ilipopangwa.

Lakini panapowachanganya wateja wangu kuliko pote ni kwenye saa za ukutani. Hivi karibuni alikuja mama mmoja anayeuza mapazia mtaa wa pili, mtu mzima, mwenye tiketi aliyonunuliwa na mwanawe kupitia simu. Baada ya shikamoo na marahaba aliniwekea simu mezani na kunionyesha kwa kidole.

"Mwanangu, hii inaondoka saa tano usiku, inafika saa nane mchana. Saa kumi na tano nimekaa kitako, na magoti yangu haya?"

"Si kumi na tano, mama. Ni kumi."

"Kumi vipi? Hesabu mwenyewe."

Nilihesabu pamoja naye. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mahali pale ilipoandikiwa: ya kuondokea ni ya Dar es Salaam, ya kufikia ni ya Guangzhou. China iko mbele yetu kwa saa tano. Mama akishuka Guangzhou saa nane mchana, hapa Kariakoo ni saa tatu asubuhi. Kutoka saa tano usiku hadi saa tatu asubuhi ni saa kumi, na magoti yake yatakaa kitako kwa saa hizo kumi, si zaidi. Kisha nikamwonyesha safari ya kurudi, ambayo kwake ilikuwa ya ajabu zaidi, kwa sababu iliandikwa kwamba anaondoka Guangzhou saa kumi na moja jioni na kufika Dar es Salaam saa nne na nusu usiku, siku ileile. Kwa macho ni saa tano na nusu tu. Ukiongeza zile tano za tofauti unapata saa kumi na nusu, na hapo hesabu zikakutana. Njia isiyomkosesha mtu ni kuzigeuza saa zote mbili ziwe za Dar es Salaam kwanza, ndipo atoe. Anayejaribu kukumbuka lini anaongeza na lini anapunguza atachanganyikiwa uwanjani.

Tofauti hiyo ya saa tano haibadiliki mwaka mzima, kwa kuwa Tanzania na China hazisogezi saa mbele na nyuma kama zinavyofanya nchi za Ulaya. Pia inalingana na jua lenyewe, jambo ambalo si la kawaida: dunia hujizungusha digrii 15 kila saa, na kati ya viwanja vyetu viwili kuna digrii 74 za longitudo, yaani saa tano kasoro dakika chache. Na kwa kuwa China nzima hutumia saa moja, ingawa upana wake unazidi digrii 60 za longitudo, anayeunganisha kutoka Guangzhou kwenda Yiwu au kokote kule ndani ya nchi hiyo hana haja ya kuigusa tena saa yake.

Kosa ambalo lina gharama zaidi ni la tarehe. Tiketi huandika saa kwa mtindo wa ishirini na nne, na ndege nyingi za masafa marefu huondoka hapa usiku. Ndege iliyoandikwa 00:30 ya tarehe 15 inaondoka saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa hiyo unatakiwa uwe uwanjani saa tatu na nusu usiku ya tarehe 14. Anayeagana na familia tarehe 15 jioni ameikosa ndege yake kwa karibu siku nzima. Nimeona watu wazima, wenye maduka makubwa, wakilipia mabadiliko ya tiketi kwa sababu hiyo peke yake. Alama ndogo ya kujumlisha moja iliyo kando ya saa ya kufika ina maana ya siku inayofuata. Ni ndogo mno kwenye simu, lakini anayepanga kupokelewa na wakala wa mizigo hana budi kuitazama.

Sasa nije kwenye tiketi ya saa kumi na tisa. Wengi wanaokwenda Guangzhou kutoka hapa hawapandi ndege ya moja kwa moja. Wanaunganisha Addis Ababa, Dubai, Doha au Istanbul. Hapa umbali unaanza kuwa na maana ya mfukoni, nami nimeukokotoa kwa kila njia. Kupitia Addis Ababa unasafiri takribani kilomita 1,760 kisha 8,040, jumla 9,800. Kupitia Dubai ni 3,980 kisha 5,830, jumla karibu ileile ya 9,800, jambo ambalo lilinishangaza nilipolikokotoa mara ya kwanza, kwa sababu kwenye ramani Addis Ababa inaonekana iko njiani na Dubai inaonekana imepotoka. Kupitia Doha jumla ni kama 10,000. Istanbul ni habari nyingine kabisa: kilomita 5,460 kwenda kaskazini hadi Uturuki, kisha 7,880 kurudi mashariki, jumla zaidi ya 13,300.

Ukilinganisha na njia ya moja kwa moja, Addis Ababa na Dubai zinakuongezea kilomita 1,100, ambazo kwa mwendo wa ndege ni kama saa moja na robo, na kila kituo kinaongeza nusu saa nyingine kwa kuwa ndege inashuka na kupanda upya. Hizo si saa za kumuumiza mtu. Anachokilipia mteja wa Dubai au Addis Ababa si njia iliyopinda, ni kusubiri. Tiketi ya jirani ya saa kumi na tisa ilikuwa na karibu saa kumi na tatu angani, na sita zilizobaki alizimaliza kwenye viti vya uwanja. Istanbul ndiyo peke yake ambayo umbali wenyewe unaumiza, maana kilomita 4,600 za ziada ni saa tano kamili angani hata kama ndege ya pili ingekuwa inakusubiri mlangoni.

Addis Ababa ina faida moja ambayo siioni ikitajwa: Ethiopia hutumia majira yaleyale ya saa kama sisi, na watu wake huanza kuhesabu saa alfajiri kama tunavyohesabu sisi, kwa hiyo mhudumu wa pale akikuambia ndege ni saa nne, mmeelewana. Doha na Istanbul nazo zina saa sawa na yetu. Dubai iko mbele kwa saa moja, na saa hiyo moja huwaponza wanaosinzia huku wakiitegemea saa ya mkononi waliyoitegesha Dar es Salaam.

Kuhusu kusubiri, rai yangu ni tofauti na ya wateja wengi, ambao huona muda mfupi wa kuunganisha kuwa ndio bora. Chini ya saa mbili mimi simuuzii mtu mwenye umri mkubwa, wala mwenye mtoto, wala anayesafiri kwa mara ya kwanza, hata kama shirika lenyewe linaruhusu. Kuna shirika ambalo sitalitaja lililompa mteja wangu dakika hamsini na tano za kubadilisha ndege. Ya kwanza ilichelewa kidogo kuondoka, yeye akawahi kwa kukimbia, na sanduku lake halikuwahi. Saa tatu zinatosha kutembea, kuswali, kula na kulipata lango bila jasho. Na anayenunua tiketi mbili tofauti ili aokoe fedha, moja ya kufika Dubai na nyingine ya kutoka pale, ajue kwamba ya kwanza ikichelewa shirika la pili halina deni kwake, na huenda akalazimika kuuchukua mzigo wake na kuukabidhi upya. Kwenye hesabu ya namna hiyo mimi huongeza saa nyingi za tahadhari, na mara nyingi zikishaongezwa, unafuu wa bei hauna maana tena.

Saa za ardhini nitazipitia haraka. Anayetoka Mbezi au Mbagala jioni ajiwekee muda wa foleni, maana Barabara ya Nyerere, hata baada ya daraja la juu la TAZARA kufunguliwa mwaka 2018, ina siku zake. Jengo la Tatu la abiria, lililozinduliwa mwaka 2019, limepunguza msongamano wa zamani, lakini saa tatu kabla ya kuondoka bado ndizo ninazozisema kwa kila mtu. Huko mwisho wa safari, Baiyun iko kama kilomita 28 kaskazini ya katikati ya Guangzhou. Treni ya chini ya ardhi, njia ya 3, inafika uwanjani, ila haifanyi kazi usiku wa manane. Ukijumlisha nyumba hadi hoteli, safari ya moja kwa moja ya saa kumi huwa saa kumi na sita kwa uchache, na ile ya saa kumi na tisa huvuka siku nzima. Ndiyo maana huwashauri wateja wasipange kukutana na mwenye kiwanda siku wanayofika. Mwili unaotoka hapa kwenda mashariki unalazimishwa kulala saa tano kabla ya wakati wake, na kwa siku kadhaa mtu huamka mchana akiwa mzito na usiku akiwa macho. Bei anayoipatana katika hali hiyo haitakuwa nzuri.

Msimu nao una nguvu kuliko kilomita. Maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili hadi Mei na Oktoba hadi Novemba, na wiki hizo ndege ya moja kwa moja hujaa mapema. Hapo ndipo utamkuta mtu anazunguka Istanbul kwa kilomita 13,300 na bado amelipa chini ya aliyekwenda 8,700, kwa sababu bei ya tiketi haipangwi kwa umbali. Hupangwa kwa nafasi zilizobaki na kwa nani anashindana na nani, na shirika linalokuzungusha hulazimika kukupunguzia ili ukubali kuzungushwa. Kijana mwenye begi moja na siku nyingi namwambia achukue bei hiyo bila kusita. Yule mama wa mapazia ningemzuia.

Kwa sasa, kila ninayemkatia tiketi ya Guangzhou humwandikia kwenye karatasi ndogo saa zote za safari kwa majira ya Dar es Salaam, kuondoka, kushuka, kupanda tena na kufika, na chini yake siku ya juma. Msafiri mwenyewe huiangalia mara moja tu. Wanaoitumia ni wanaobaki nyumbani, maana ndio wanaohitaji kujua kwamba saa mbili asubuhi simu haipatikani kwa sababu ndege bado iko juu ya Vietnam, na kwamba kabla ya saa nne hakuna haja ya kumpigia mtu yeyote.